Gari dogo la mtumba, paa la kukunjwa, viti vinne

Viti vinne vya kwenye karatasi si lazima vibebe watu wanne. Nyuma ya Peugeot 206 CC panafaa mikoba. Mtu mzima atakaa magoti yakimgusa kidevu. Fiat 500C na Mini Convertible zina nafuu kidogo, lakini nenda kukagua pamoja na hao utakaowabeba.

Anza na paa, maana matengenezo yake huuma mfuko. Lifungue na kulifunga mara kadhaa, injini ikiwaka. Likisitasita au likienda upande, shuku mota, nyaya au pampu ya haidroliki. Muuzaji akisema leo betri imechoka, rudi siku nyingine. Paa likiwa la turubai, papasa mishono na mikunjo yake. Kisha limwagie maji, subiri, inua mazulia na unuse: uvundo hauzimwi na marashi. Mifereji ya paa ikiziba, maji hutafuta njia ya kuingia ndani, na nyaya za chini ya sakafu huanza kuoza.

Paa la chuma hupunguza kelele, ila likikunjwa humeza buti. La 500C ni turubai linaloviringika kuelekea nyuma, nguzo za pembeni zikibaki. Raha yake ni nusu, lakini mimi ningeanzia hapo.