Kabla ya kumlipa mshauri nasaha: maswali ya kuuliza kwenye simu ya kwanza

Wanaopiga simu kwenye ofisi yangu ya ushauri nasaha jijini Nairobi huanza karibu wote na swali moja: ni pesa ngapi? Wakishajibiwa hukaa kimya kidogo, kisha huuliza lile hasa lililowafanya wapige: huko ndani mtu hufanywa nini? Mmoja ameambiwa na shangazi yake kwamba atapewa vidonge vya usingizi. Mwingine anadhani ataombewa, au ataamriwa amwache mumewe. Simu napokea mwenyewe, kwa hiyo majibu nimeyazoea. Kuna mengine ambayo wapigaji hawakumbuki kuyauliza, nayo mara nyingi ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi kikao cha pili au ataingia mitini.

Tuanze na nani ni nani. Dawa huandikwa na daktari wa magonjwa ya akili. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo, na wakiona dalili zinazohitaji dawa humtuma mteja kwa daktari, vikao vikiendelea. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayomtaka anayefanya kazi hii asajiliwe na bodi. Muulize mshauri namba yake ya usajili kwenye simu hiyo hiyo. Aliyesajiliwa huitaja bila kununa. Anayekujibu kwa kukuuliza kama humwamini, mshukuru na ukate simu.

Swali linalofuata ni la mbinu. Wateja wengi huona haya kuliuliza, kana kwamba wanamkagua mganga mbele ya mkoba wake, lakini mshauri yeyote aliyesomea kazi anapaswa kueleza anachofanya kwa maneno ya kawaida.

Mbinu inayotajwa zaidi ni tiba ya utambuzi na tabia, ambayo washauri huiita kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, CBT. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, aliijenga katika miaka ya 1960 baada ya kuona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walijishusha kwa mawazo ya ghafla wasiyoyachunguza. Mfano ninaowaonyesha wateja wapya ni wa karani wa Sacco ambaye meneja amempita asubuhi bila kumsalimu. Karatasi ina safu nne. Ya kwanza anaandika kilichotokea: meneja kapita kimya. Ya pili, wazo lililomjia: “Mwezi huu ananifukuza.” Ya tatu, hisia na ukali wake kwa mia: hofu, 85. Safu ya nne ndiyo yenye kazi, ushahidi wa huku na wa kule. Meneja hakumsalimu mlinzi wa langoni wala mpika chai. Juzi alimpa karani huyo huyo hesabu za mwezi ujao azisimamie. Akiipima hofu tena, imeshuka hadi 40. Haijaisha, ila sasa anaweza kurudi dirishani kuhudumia wanachama. Mteja wa mbinu hii ajiandae kupewa kazi ya kufanya nyumbani, na kikao kinachofuata huanza kwa kuikagua.

Mbinu ya Carl Rogers, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake kikuu juu yake mwaka 1951, huenda kinyume kabisa. Hakuna karatasi wala kazi ya nyumbani. Mteja ndiye anayeongoza mazungumzo, na mshauri humsikiliza kwa makini bila kumhukumu. Aliyefiwa, ambaye kila jamaa amemwambia ajikaze, mara nyingi hufaidika hapa. Anayetaka kuacha kuogopa lifti wiki ijayo ataona anapotezewa muda.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hoja hiyo imejibiwa hapa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani liliandaa tiba fupi ya vikao 5, kimoja kwa wiki, ambayo hutolewa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mjini Moshi na Bungoma, pamoja na vijiji vya karibu, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi waliingizwa katika utafiti wa tiba ya majeraha ya moyo, wakikutana kwa vikundi katika vikao 12. Matokeo yalitoka 2020: tiba ilishinda huduma ya kawaida katika maeneo 3 kati ya 4. Walioendesha vikao hawakuwa wanasaikolojia, bali watu wa maeneo yale yale waliofundishwa na kusimamiwa.

Wanandoa waulize jambo moja la ziada: mmoja wetu akikupigia pembeni na kukuambia siri, itabaki siri? Mimi hukataa kuibeba, na hulisema hilo kabla hawajaketi. Wapo washauri wenye utaratibu tofauti. Ujue wa mshauri wako mapema.

Sasa pesa na muda. Kikao kwa kawaida ni dakika 50, na zile 10 zinazobaki kwenye saa ni za mshauri kuandika kumbukumbu na za mteja mmoja kushuka ngazi kabla mwingine hajapanda. Mtu hataki kukutana na jirani yake wa mtaa wa Umoja pale mlangoni. Ukitajiwa bei, zidisha papo hapo. Kikao cha shilingi 3,500 kila wiki kwa wiki 8 ni shilingi 28,000, bila nauli. Kama huwezi, sema. Ofisi nyingi zina nafasi chache za bei nafuu, au hukubali vikao vya kila baada ya wiki mbili, ambavyo ni afadhali kuliko kuja mara mbili ukaishiwa. Uliza pia kuhusu kuahirisha. Wengi wetu hutaka taarifa saa 24 kabla, la sivyo unalipia saa ambayo hukuja.

Ukiwa na bima, usifike kwanza ndipo uulize. Kampuni nyingi hutaka kibali kabla ya kikao, na baadhi hutaka barua ya daktari. Fahamu kwamba fomu ya bima huandikwa jina la tatizo lako. Wapo wanaoamua kujilipia kwa sababu hiyo tu.

Na M-Pesa? Ujumbe wa malipo hutaja jina la biashara iliyolipwa. Kwa mke au mume anayeshika simu ya mwenzake, hilo si jambo dogo. Uliza jina litakalotokea kwenye ujumbe kabla hujabonyeza.

Usiri una mipaka, na mshauri anatakiwa akueleze katika kikao cha kwanza: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Wengi wamekuwa wakificha kwamba waliwahi kujaribu kujiua, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isikuzuie tena kusema. Anayezidiwa usiku wa manane anaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Chunguza na chumba chenyewe. Ofisi nyingi za mjini zimegawanywa kwa mbao nyembamba. Kwangu redio ndogo huimba pale wanaposubiri, kwa sauti ya kutosha kuzima maneno ya ndani. Ukikuta unasikia vizuri kilio cha aliyekutangulia, jua na wewe utasikika.

Kwa kikao cha mtandaoni, mshauri atakuuliza uko wapi hasa siku hiyo, ili msaada upatikane ukihitajika. Kubalianeni nani atapiga mtandao ukikatika. Vaa visikilizi, wengine hukaa kwenye gari lililoegeshwa. Walioko Falme za Kiarabu wakumbuke kwamba simu za WhatsApp zimezuiwa kule kwa miaka mingi, hivyo programu nyingine ichaguliwe mapema.

Je, utajuaje kama inasaidia? Washauri wengi hutumia hojaji ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, yenye alama 0 hadi 27. Omba uijaze mwanzoni na tena baada ya vikao vinne au vitano, uone alama zako zinaelekea wapi. Zisipoteremka, mwambie mshauri mbele yake badala ya kuacha kupokea simu zake. Anaweza kubadili mbinu, au akakuelekeza kwa mwenzake. Ukihama, omba barua fupi ya muhtasari, kisha ukubaliane naye ni nini kitaandikwa humo, usije ukaanza kusimulia kila kitu upya kwa mshauri mwingine.