SOMO: JINA SI UTHIBITISHO
Jihadhari na marafiki wa bandia na linki za hatari kwenye gemu za simu



Somo hili ni la vijana wanaocheza gemu kwenye simu, na ni la wazazi wao pia. Ukilimaliza utaweza kumtambua rafiki wa bandia, kuisoma linki kabla ya kuibonyeza, na kujua la kufanya ikiwa umeshatapeliwa. Tafadhali wasomee majirani wasiojua kusoma.

1. TUANZE NA BUSIA

Wengi wetu tuna jamaa upande wa pili wa mpaka wa Kenya na Uganda, na tumepita Busia, au Malaba na Tororo, tukiwa safarini. Busia ni jina moja, lakini ni miji miwili: mmoja uko Kenya na mwingine uko Uganda. Malaba nayo ni vivyo hivyo. Mtu akikuambia, "Tukutane Busia," lazima umwulize, "Busia ipi?" Ng'ambo ya pili fedha ni nyingine na sheria ni nyingine. Hata simu yako yaweza kushika mtandao wa Uganda nawe ungali umesimama Kenya.

Watu wa mpakani wamelizoea jambo hili. Mtu mwenye busara akibadilisha fedha hapo Busia hakubali kwa maneno tu. Anauliza kiwango, anazihesabu noti kwa mikono yake, anazitazama kwenye mwanga. Akishazihesabu hazirudishi tena kwa mbadilishaji "ili ahakikishe", kwa maana anajua kwamba zikirudi zitapungua.

Ndani ya gemu pia kuna majina yanayofanana na watu wasiofanana. Picha ni ya rafiki yako, lakini aliye nyuma yake ni mwingine. Linki ina jina la gemu yako, lakini mwenye linki ni mwingine. Kwa hiyo kanuni ya somo letu ni hii: jina si uthibitisho, hesabu mwenyewe.

2. KWA NINI MTU AITAKE AKAUNTI YAKO?

Kijana atasema, "Mimi ni mkimbizi, sina pesa. Ataniibia nini?" Swali hili ni zuri, na yafaa tulijibu vizuri.

Tuseme kijana mmoja anacheza Free Fire. Katika gemu hii almasi ndizo hununulia nguo na silaha za wachezaji. Usiku mmoja anapata ombi la urafiki. Rafiki mpya anacheza vizuri, anamsaidia kushinda, anamwita "bro". Siku ya tatu anamtumia linki: "Kuna almasi za bure leo tu, ingia haraka." Kijana anabonyeza. Ukurasa unafanana kabisa na ule wa gemu. Unamtaka aandike neno la siri la Facebook, kwa sababu akaunti yake ya gemu imefungwa na Facebook. Anaandika. Almasi haziji.

Sasa tapeli anaingia Facebook kwa jina la kijana. Humo anamkuta shangazi aliyeko Nairobi, kaka aliyeko Kampala, binamu aliyeko Marekani. Anawaandikia: "Mama ni mgonjwa sana, nitumieni pesa kwenye namba hii, simu yangu imeharibika." Jamaa wanaliona jina la mtoto wao na picha yake. Wanatuma.

Umeona? Almasi zilikuwa chambo tu. Tapeli aliwataka wale wanaokuamini. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huduma kama hiyo ya MTN ikaanza Uganda mwaka 2009. Tangu hapo pesa ya jamaa huvuka nchi kwa dakika chache. Ni msaada mkubwa kwetu, lakini pesa ya kwenda kwa mwizi nayo huvuka kwa kasi ileile.

3. JINSI YA KUISOMA LINKI

Fanya hivi kabla ya kubonyeza:

(a) Tafuta mkwaju wa kwanza (/) ulio peke yake, baada ya ile miwili ya mwanzo. Maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju huo, upande wake wa kushoto, ndiyo yanayomtaja mwenye anwani. Ikiwa imeandikwa garena.com halafu mkwaju, hiyo ni anwani ya Garena, kampuni ya Free Fire. Lakini ikiwa baada ya garena.com kuna nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju, mwenye anwani ni hayo maneno ya mwisho. Jina la Garena limebandikwa mbele kama kibao cha duka la uongo.

(b) Tazama herufi moja moja. Matapeli huweka sifuri mahali pa o, au tarakimu 1 mahali pa l.

(c) Linki iliyofupishwa haionyeshi mwenyewe. Usiibonyeze, fungua gemu yenyewe uangalie kama zawadi hiyo imetangazwa humo.

(d) Usipakue programu iliyotumwa na mtu, hata akisema ni gemu ileile "iliyofunguliwa kila kitu". Programu za namna hii zaweza kusoma ujumbe wako mfupi, pamoja na ule unaoleta tarakimu za siri.

Kumbuka pia: mtu akitaka kweli kukununulia almasi, namba yako ya mchezaji inamtosha. Hahitaji neno lako la siri. Anayeliomba hana nia ya kukupa kitu.

4. RAFIKI ANAYEGUSA JERAHA

Kuna ombi la urafiki linalouma kuliko la almasi. Mgeni anakuuliza umetoka wapi na ndugu zako wako wapi, nawe unamweleza. Baada ya wiki moja anakuambia, "Nimempata mtu anayemjua kaka yako." Au anasema, "Nina mjomba anayeshughulikia safari za Canada." Halafu inakuja ada: ya fomu, ya simu, ya nauli.

Hatuwalaumu wanaoamini. Vita na machafuko hutenganisha familia kwa saa moja, na kutafutana huchukua miaka. Mwanzoni mwa 2008, Wakenya waliokimbia machafuko ya baada ya uchaguzi walivuka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo wengi wao wakahamishiwa Kiryandongo. Mtu aliyempoteza nduguye katika safari kama hiyo hawezi kupuuza habari zake. Tapeli analijua hilo.

Basi usiipuuze habari. Ithibitishe kwa njia ya pili. Kutafuta jamaa waliopotea ni kazi ya Msalaba Mwekundu, Kenya na Uganda pia, na ni bure. Peleka kwao jina uliloambiwa. Huduma za UNHCR nazo ni bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Hakuna ada, na hakuna wakala wa kwenye gemu. Yeyote anayekutoza ni mwizi, hata akiwa na picha ya kitambulisho.

Kazi za ng'ambo zipimwe vivyo hivyo. Mwaka 2022 Wakenya waliodanganywa kwa ahadi za kazi Thailand waliokolewa kutoka Myanmar, ambako walikuwa wamefungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa intaneti. Mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa kwenye vituo vya namna hiyo, wakiwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia.

5. "NIPOKELEE PESA HII"

Mtego huu unapatana sana na mpaka. Rafiki wa gemu anakuambia: "Sina laini ya Kenya. Nitumiwe pesa kwako, ubaki na kidogo, nyingine uibadilishe Busia unitumie kwa laini ya Uganda." Inaonekana ni msaada tu, tena una faida. Lakini pesa hiyo huenda ni ya yule shangazi wa Nairobi tuliyemtaja. Polisi wakifuata nyayo zake, za kwanza wanazozikuta ni zako.

Laini imesajiliwa kwa hati yako. Mwaka 2019 Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha ukimbizi au kwa barua ya usajili wa familia. Haki hiyo ilingojewa kwa muda mrefu; usiiazime. Usipokee pesa ya usiyemjua, usiuze laini yako, usisajili laini ya mwingine. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na Uganda inayo ya mwaka 2011. Kusema "nilikuwa nasaidia rafiki" hakutakutoa rumande siku hiyo.

6. KWA WAZAZI

Usimnyang'anye mtoto simu kabla ya kumsikiliza. Mtoto anayeogopa kupigwa ndiye anayeficha, na anayeficha ndiye anayezidi kutishwa. Kaa naye, mwambie akuonyeshe gemu yake na marafiki zake. Mwulize, "Huyu umewahi kumwona uso kwa uso?" Mfundishe kutotoa jina la shule, namba ya nyumba wala picha.

Wako wanaowabembeleza watoto watume picha za utupu, kisha huwatisha kwamba watazisambaza wasipolipa. Likitokea hili, usilipe, kwani anayelipwa mara moja hurudi. Usifute ujumbe, maana ndio ushahidi. Mwambie mtoto, "Kosa ni la yule." Halafu piga 116. Namba hii ya kusaidia watoto ni ya bure, na ni ileile Kenya na Uganda.

7. UKIWA UMESHABONYEZA

Usione aibu. Fanya haraka, kwa mpangilio huu:

Kwanza, zima intaneti kwenye simu hiyo.

Pili, tumia simu ya mtu unayemwamini kubadili neno la siri la Facebook au la Google, na uchague kuiondoa akaunti kwenye simu nyingine zote. Mtu akikuomba tarakimu 6 "nilizokutumia kwa makosa", usimpe. Huo ndio ufunguo wa WhatsApp yako.

Tatu, wapigie jamaa kwa sauti, usiwaandikie. Waambie, "Ukiombwa pesa kwa jina langu, usitume mpaka uisikie sauti yangu."

Nne, kama pesa imetoka, iarifu kampuni ya laini papo hapo. Kwa M-Pesa ya Kenya, peleka ule ujumbe wa muamala kwenye 456 kuomba irudishwe. Kwa MTN na Airtel za Uganda piga 100. Ukiwa mpakani hakikisha kwanza kwamba simu imeshika mtandao wa laini yenyewe. Usipeane namba ya siri kwa yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Mfanyakazi wa kweli hakuulizi.

Tano, ripoti polisi na kwenye ofisi ya ulinzi ya kambi yako. Beba simu ikiwa na ujumbe wote.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Rafiki wa gemu akisema anatoka kijijini kwenu, utamwuliza nini ambacho hakimo kwenye Facebook yako?

2. Familia yenu ikubaliane neno moja la siri. Mtu akiomba pesa kwa dharura, aulizwe neno hilo. Litakuwa neno gani? Lisiandikwe popote.

3. Jirani yako anasema, "Ni almasi tu, si pesa." Utamjibuje?

Gemu si mbaya. Siku ni ndefu kambini, na kijana anahitaji kucheka na wenzake. Acheze na anaowajua. Wasiowajua wapimwe kama noti ya Busia: mkononi mwako, kwenye mwanga, kabla ya kuitia mfukoni.