Wazazi vijana na wosia wao

Katika vijiji vyetu wengi husema kwamba kijana aandikaye wosia anakiita kifo nyumbani mwake. Basi hunyamaza. Na siku mti unapomwangukia shambani, au homa inapomchukua kwa siku tatu tu, anamwacha mkewe na watoto wadogo bila neno lo lote. Kifo hakikuitwa, nacho kimekuja. Nabii Isaya alitumwa kwa mfalme Ezekia, aliyekuwa mgonjwa sana, amwambie atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme alisali, akapona, akaongezewa miaka 15. Kusikia neno hilo hakukumwua.

Wosia ni nini? Ni neno la mtu mwenye akili timamu, alitoalo kwa hiari yake juu ya mali yake na watu wake, ili lifuatwe baada ya kufa kwake. Wazee wetu waliujua wosia: mzee aliwaita wanawe karibu na kitanda chake. Lakini kijana afaye ghafula hapati nafasi ya kuita watu.

Tazameni linalotokea. Matanga hayajaisha, wandugu wa marehemu wanahesabu mabati, baiskeli na mashine ya kushona. Pengine ni wajomba, kama kwa Babemba wa Katanga wanaofuata ukoo wa mama. Pengine ni baba wadogo, kama kwa Bashi wa Kivu wanaofuata ukoo wa baba. Hatusemi kwamba desturi ni mbaya. Ukoo umelea yatima wengi bila kudai malipo. Lakini baiskeli iliyonunuliwa kwa mihogo waliyoilima mke na mume si mali ya ukoo.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, iliyotolewa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu za urithi, wa kike na wa kiume sawasawa. Robo inayobaki ni ya mwenzi aliyeachwa, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Tena mwenzi huyo ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Lakini mke ambaye ndoa yake haikuandikwa katika kitabu cha Serikali hupata taabu kubwa kuonyesha haki yake. Basi, kabla ya wosia, andikisheni ndoa, andikisheni na watoto.

Sheria inakubali wosia wa namna 3. Wa kwanza hufanywa mbele ya notari, au mbele ya ofisa wa Serikali aandikaye ndoa na uzazi. Wa pili ni karatasi ambayo mwenyewe ameiandika yote kwa mkono wake, akatia tarehe na sahihi. Wa tatu ni wa kinywa, wa mtu aonaye kifo ki karibu, mbele ya mashahidi wawili au zaidi walio watu wazima. Nao hauwezi kupanga kila kitu, ila mambo machache kama mazishi, ulezi wa watoto na zawadi ndogo. Asiyejua kuandika asimpe katekista kalamu, akidhani ni sawa na mkono wake mwenyewe. Aende kwa ofisa.

Andikeni shamba na mipaka yake, mbuzi mliowaweka kwa jirani, deni mnalodai, na hasa deni mnalodaiwa. Andikeni ni nani atakayewalea watoto ikiwa ninyi wawili mtakufa. Lakini mwulizeni kwanza mtu huyo.

Sasa neno gumu. Wengine kati yenu mliwaacha wake wengine ili mpate ubatizo. Eklezia haikuwaambia mwasahau. Sheria yake ya mwaka 1983 inamwagiza askofu aangalie wake hao wapate mahitaji yao, kwa haki na mapendo. Watoto wao ni wenu. Na mtoto uliyemzaa nje ya ndoa, usipomtambua mbele ya sheria ungali hai, hatahesabiwa pamoja na nduguze. Utasema: mke wangu atakasirika. Naam, atakasirika. Lakini afadhali hasira ya leo, nawe upo wa kuijibu, kuliko mtoto kufukuzwa penye kaburi la babaye.

Liko pia jambo liwahusulo ninyi wakatekumeni. Mkatekumeni akifa kabla ya ubatizo, Eklezia humhesabu pamoja na waamini kwa mazishi yake. Jamaa zenu wasio Wakristu hawalijui hilo, waambieni mapema. Waambieni pia wamwite padri au katekista mkiugua sana, maana katika hatari ya kifo mwaweza kubatizwa pasipo kungoja siku iliyopangwa.

Karatasi isichomekwe katika paa, panya na mvua wataiharibu. Iwekwe katika kopo lenye kifuniko, na watu wawili waaminifu wajue mahali pake. Akizaliwa mtoto mwingine, iandikwe upya, na ile ya zamani ichomwe moto.