Harufu ya Rangi Mpya

Katika pwani ya kusini ya Tanzania, kutoka Kilwa hata Lindi, kujenga kwa mawe na chokaa ni kazi ya zamani sana. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani yako magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, ambayo yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, zimeunganishwa kwa chokaa.

Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni. Kisha ilitiwa maji, ikachemka yenyewe pasipo moto. Chokaa ikiisha kupakwa ukutani, maji hukauka, nayo huvuta kutoka hewani kaboni dayoksaidi, yaani hewa ambayo watu huitoa wapumuapo, hata ikarudi kuwa ngumu kama jiwe. Chokaa mbichi yaweza kuunguza macho na ngozi, na fundi hana budi kujihadhari nayo. Lakini ukuta uliopakwa chokaa hautoi mvuke wa kulevya.

Rangi ya mafuta sivyo ilivyo. Ndani ya kopo lake mna vitu vitatu vilivyochanganywa: unga utiao rangi, mafuta au utomvu wa kuushikisha unga ukutani, na kiowevu cha kuyeyushia, kama vile tapentaini au thina. Unga na utomvu hubaki ukutani. Kiowevu hakibaki, hugeuka kuwa mvuke, kikaingia katika hewa ya chumba. Ndivyo rangi ianzavyo kukauka. Basi, kitokacho ukutani huenda hewani, na hewa hiyo isipopata njia ya kutoka nje, huingia vifuani mwa watu.

Mvuke huo hauonekani kwa macho. Mtu auvutapo hufika katika vifuko vidogo vya mapafu, ambavyo ngozi yake ni nyembamba mno. Hapo hupenya na kuingia katika damu, na damu huuchukua hata ubongoni. Kwanza macho huwasha na koo hukereketa. Kisha kichwa huuma, kizunguzungu huja, na moyo huchafuka. Mwenye pumu aweza kubanwa na kifua mara moja. Watoto hupata madhara upesi, kwa sababu mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, ukilinganisha na uzito wa mwili wake.

Mathalani, mtu apaka chumba cha kulala wakati wa masika. Mvua yanyesha, na mbu ni wengi. Kwa hiyo afunga madirisha na mlango. Hewa ya masika ina unyevu, na rangi yakawia kukauka. Usiku watoto walazwa juu ya mkeka, chini sakafuni. Sasa, mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Upepo usipouvuruga, hushuka na kutulia chini, pale pale palipo vichwa vya watoto. Asubuhi waamka na maumivu ya kichwa, na wazazi wadhani ni homa ya malaria.

Yako mambo matatu ambayo watu huyatumainia, nayo hayasaidii. La kwanza ni pua. Pua huzoea harufu upesi. Mtu akikaa chumbani kwa muda hasikii tena kitu, hali mvuke ungalipo. La pili ni kujifunga kitambaa usoni. Kitambaa huzuia vumbi, lakini mvuke hupita katikati ya nyuzi zake. La tatu ni kufukiza udi au ubani. Manukato hufunika harufu, hayaondoi mvuke. Tena kaa la moto katika chetezo, au mwali wa koroboi, waweza kuuwasha mvuke huo na kuiteketeza nyumba.

Mafundi wa rangi, ambao huvuta mvuke huo siku baada ya siku, wana hatari kubwa zaidi. Katika miaka ya 1970, matabibu wa nchi za Ulaya ya kaskazini, kama Denmark na Sweden, waliwachunguza mafundi waliofanya kazi hiyo miaka mingi. Waliona kuwa baadhi yao wamekuwa wasahaulifu, wepesi wa hasira na wazito wa kufikiri. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliihesabu kazi ya kupaka rangi kuwa miongoni mwa mambo yaletayo saratani kwa wanadamu.

Lakini dawa ya hatari hii haiuzwi dukani. Pwani ina upepo wa kusi na upepo wa kaskazi, na kila nyumba yaweza kuutumia. Yafaa kupaka rangi katika miezi ya kiangazi, madirisha na milango ya pande mbili ikiwa wazi, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Chumba cha ndani kisicho na dirisha chafaa chokaa, au rangi ya maji, ambayo mvuke wake ni mchache. Vyakula na matandiko yatolewe kwanza. Watu walale mahali pengine kwa siku kadhaa, hasa watoto, waja wazito na wenye pumu. Kopo lifunikwe sana na kuwekwa mbali na jiko. Fundi atoke nje mara kwa mara, wala asioshe mikono yake kwa thina.

Mtu akishikwa na kizunguzungu, atolewe nje upesi, akae penye hewa safi. Akizimia, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kukawia. Mtoto akinywa thina asitapishwe, kwa maana akitapika yaweza kuingia mapafuni. Naye apelekwe hospitali vile vile.

Nyumba iliyopakwa rangi ni fahari ya wenyewe, na si vibaya kuipamba. Ila rangi huweza kungoja kiangazi, na mgeni huweza kulazwa chumba kingine; mapafu ya mtoto hayawezi kungoja, maana hupumua usiku kucha. Wahenga walisema, Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali

1. Kwa nini ukuta wa chokaa hautoi mvuke kama ukuta wa rangi ya mafuta?
2. Kwa nini alalaye sakafuni huvuta mvuke mwingi zaidi?
3. Eleza hatari mbili za kufukiza udi katika chumba kilichopakwa rangi sasa hivi.
4. Katika kijiji chenu, ni miezi gani ifaayo kupaka rangi, na kwa nini?