Laini au Waifai: Ipi Itakuambia Betri ya Sola Inaisha?



Siku hizi sola inavuta maji kisimani, inapoza jokofu la chanjo na inawasha taa za kufukuza simba na fisi bomani. Vifaa vingi vipya vya kudhibiti chaji vinaweza kukuonyesha kwenye simu kama paneli inachaji na betri ina volti ngapi. Fundi atakuuliza: unataka cha waifai au cha laini? Soma kwanza somo hili, ndipo umjibu.

KOSA LANGU

Niliwahi kufungiwa kifaa cha waifai kwenye jokofu la chanjo. Nilisimama mlangoni, nikafungua simu, nikaona volti zote. Nikaridhika. Siku ya tatu nilikuwa mnadani, mbali na kituo. Nikafungua simu: kimya. Nikasema ni mtandao tu.

Niliporudi nilikuta waya wa paneli umelegea, betri imeisha na jokofu lina joto. Chanjo nyingi za mifugo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zile ilibidi ziteketezwe. Wafugaji waliokwisha kukusanya mbuzi walirudi nyumbani bila kuchanja. Kifaa hakikuwa kibovu. Mimi ndiye sikuelewa waifai inafanya nini.

TOFAUTI YAKE

Waifai ni kama mtu anayeita akiwa bomani: aliye karibu anasikia, aliye malishoni hasikii. Hufika makumi ya mita tu, na ukuta au bati huipunguza. Ili taarifa ifike mbali, lazima pale pale pawe na kifaa kingine chenye intaneti. Faida yake ni kwamba ukiwa karibu unasoma bila bando.

Kifaa cha laini huongea na mnara kama simu yako. Taarifa hukufikia popote penye mtandao. Lakini kinahitaji bando au salio. Bando likiisha, nacho hunyamaza.

CHAGUA KWA SWALI MOJA

Jiulize: betri ikishuka, mtu wa kuishughulikia atakuwa wapi?

• Taa za boma: watu wanalala hapo hapo. Waifai inatosha.

• Kisima cha mbali: chukua cha laini. Wakati wa kiangazi ng'ombe mmoja mkubwa huweza kunywa lita 30 kwa siku. Ng'ombe 100 ni lita 3,000. Ukijua alfajiri kwamba pampu imesimama, utageuza njia kabla mifugo haijatoka. Ukijua ukiwa kwenye birika kavu, umechelewa.

• Jokofu la chanjo: chukua cha laini, kinachotuma ujumbe mfupi betri inaposhuka.

• Pasipo na mtandao kabisa: usipoteze fedha. Wekeni mtu wa zamu aangalie taa za kifaa asubuhi na jioni, aandike kwenye daftari.

KABLA YA KULIPA

1. Simama pale pale kifaa kitakapofungwa, ukiwa na laini za mitandao tofauti. Piga simu, kisha jaribu intaneti. Mtandao ulioko mlimani huenda haupo kisimani bondeni.

2. Uliza kifaa kinakula wati ngapi. Wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120. Kwenye betri ya volti 12, hizo ni amp-saa 10. Betri ya amp-saa 50 itatoa sehemu moja ya tano kwa kifaa hicho peke yake kila siku. Mlinzi asimle mbuzi anayemlinda.

3. Kama mtambo ni wa kijiji, kamati ijue laini imesajiliwa kwa nani, na fedha ya bando itengwe kwenye mchango wa maji.

4. Ujumbe ufike kwenye namba mbili au tatu. Mmoja akiwa ronjo, mwingine awepo nyumbani. Akina mama wanaobaki bomani wasisahauliwe.

5. Jifunzeni kusoma volti. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu, punguzeni matumizi. Betri za lithiamu zina vipimo vyake, muulizeni fundi.

KIMYA NI TAARIFA

Iwe laini au waifai, kifaa kikinyamaza usiseme "ni mtandao tu" kama nilivyosema mimi. Hesabu kwamba kuna tatizo. Mpigie aliye karibu akaangalie, au nenda mwenyewe. Mchungaji asiposikia kengele ya ng'ombe wake huinuka akamtafute. Na betri iwe hivyo hivyo.

Kabla hujanunua, zungumza na afisa mifugo wa kata yako.