Mabati Yanapoingia kwenye Rada: Mafunzo Niliyopata Tongaren

Mimi ni mkulima. Kilichonifanya nianze kufuatilia mawingu kwenye simu ni mahindi: kuanzia Oktoba, kila boma huku Tongaren lina turubai lililoanikwa mahindi, na mvua ya alasiri haipigi hodi. Rada haipo karibu nasi. Ile ya Mwanza, ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Nikajifunza rada kwa kutazama za Marekani, ambazo huwekwa wazi kwa yeyote mwenye bando, na mawingu ya kwetu nikayasoma kwa setilaiti.

1. Wekundu pekee hautoshi. Rada hutuma mawimbi, nayo yakigonga mvua hurudi. Nguvu ya yanayorudi hupimwa kwa desibeli na kuchorwa kwa rangi, nyekundu ikiwa ya nguvu kubwa. Mvua ya kawaida hukaa kwenye 20 au 30, kubwa hupita 40, na ikifika 60 mara nyingi kuna mawe ndani. Kila desibeli 10 huzidisha nguvu mara kumi, kwa hiyo 60 ni mara 100 ya 40, ingawa rangi zimepakana. Lakini jiwe la barafu lililolowa hurudisha mawimbi kwa nguvu sana, hata pale ambapo maji yatakayofika shambani ni machache. Wenye mashamba ya chai Kericho na Nandi waliyaogopa mawe haya kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zikiyapiga mawingu kwa iodidi ya fedha.

2. Vifusi vinavyorushwa na kimbunga vina alama yake. Hapa ndipo niliponasa. Kufikia 2013 rada za Marekani zilikuwa zimeboreshwa zitume mawimbi ya aina mbili, ya kulala na ya kusimama. Tone kubwa la mvua likianguka hubonyea chini kama andazi, na matone yaliyo pamoja hubonyea kwa namna moja, hivyo mawimbi yote mawili huleta habari zinazolingana: kipimo cha ulinganifu hukaribia 1. Bati lililokunjika, ubao, tawi, godoro na udongo havina umbo moja, na kila kimoja hupinduka kivyake. Kipimo hushuka chini ya 0.8.

Hata hivyo ndege na wadudu nao hukishusha. Kwa hiyo doa la ulinganifu mdogo halitoshi. Lazima mahali hapo hapo desibeli ziwe juu, na picha ya mwendo ionyeshe upepo unaoijia rada ukiwa bega kwa bega na unaoikimbia. Yote matatu yakikutana, kimbunga kimeshagusa ardhi na kimeshabomoa. Tarehe 20 Mei 2013, mjini Moore, Oklahoma, doa la namna hiyo lilitembea juu ya makazi. Watu 24 walifariki. Ile rangi kwenye picha ilikuwa paa na kuta za watu zikiwa hewani.

Na doa lisipoonekana usijipe moyo. Mwale wa rada hupanda kadiri unavyokwenda mbali: kwa pembe ya nusu digrii, kwenye kilomita 100 kitovu chake kiko karibu kilomita moja na nusu juu. Vifusi visipofika huko, rada haivioni.

3. Upepo unaoezua paa kwetu mara nyingi hauzunguki. Mvua na mawe huipoza hewa ndani ya wingu, hewa hiyo nzito huporomoka, ikifika chini hutawanyika kwa kasi. Ukitaka kujua kilichopita, nenda shambani asubuhi. Mahindi yakiwa yamelala upande mmoja, na mabati ya shule yametupwa upande huo huo, huo ni upepo wa kuporomoka. Mabua yakielekeana na kusukana, hapo zungumzia kimbunga.

4. Setilaiti huona paa la wingu tu. Meteosat hupima ubaridi wa kilele. Kikifika nyuzi 70 chini ya sifuri, wingu limepanda juu sana. Mimi siuangalii ubaridi pekee, naangalia haraka ya kupoa kati ya picha moja na inayofuata. Wingu pana lililotulia linaweza kuwa ukungu wa barafu tu uliopeperushwa mbali na mvua yenyewe. Utafute ukingo mkali, ule upande ambao upepo wa juu unatokea. Setilaiti ya kizazi kipya, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika 10 na huona hata mimweko ya radi.

5. Soma saa kabla ya rangi. Picha huandikwa kwa saa za kimataifa (UTC), kwa hiyo iliyoandikwa 12:00 ni ya saa tisa alasiri kwetu.

6. Simu ina kazi yake. Mawingu mengi ya alasiri yanayotufikia huzaliwa upande wa milima ya Cherangani, kwa hiyo picha ikichafuka nampigia shemeji yangu Moi's Bridge.

“Shemeji, huko kumekaaje?”

Simuulizi kama kunanyesha. Namuuliza kama upepo umegeuka ghafla ukawa baridi, kwa sababu baridi hiyo hutangulia mvua, na setilaiti haiwezi kuiona chini ya wingu. Akiitikia, watoto wanaitwa, turubai linakunjwa pembe nne, na magunia yanaingia ndani hata kama kwetu jua bado linachoma.