KIPEPEO MDOGO WA MBUGA: KUMTAZAMA, KUMPIGA PICHA NA KUMHESABU

Watu wengi wakisikia neno kipepeo hufikiria mdudu mkubwa mwenye rangi kali. Wapiga picha nao huwafuata hao hao, na vitabu hujaa picha zao. Lakini wapo vipepeo wadogo, wenye rangi hafifu, wanaoruka chini chini majanini, ambao mpita njia hawatazami mara ya pili. Katika makala haya tutamchunguza mmoja wao, anayeishi katika mbuga za nyasi za Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya. Jina lake la kisayansi ni Coenonympha pamphilus, na alipewa jina lake la spishi na Linnaeus mwaka 1758. Hapa tutamwita kipepeo mdogo wa mbuga.

Tumemchagua kwa sababu moja. Zamani alionekana karibu kila mahali penye majani mafupi, kwa hiyo hakuna aliyemwonea shauku. Na alipoanza kupungua, ni wachache walioona. Habari zake zafaa kwa mwanafunzi yeyote anayetaka kujua jinsi sayansi inavyogundua badiliko ambalo jicho peke yake haliwezi kuligundua.

Umbo na tabia

Upana wa mbawa zake kutoka ncha hadi ncha ni kati ya milimita 33 na 37 hivi. Upande wa juu ni wa rangi ya chungwa iliyofifia, wenye ukingo wa kijivu. Hata hivyo ni vigumu kuuona upande huo, maana kipepeo huyu anapotua hufumba mbawa zake daima. Tunachokiona ni upande wa chini: ubawa wa mbele wa rangi ya chungwa wenye doa jeusi kama jicho, na ubawa wa nyuma wa kijivu na kahawia.

Doa hilo lina kazi. Kipepeo akitua tu, huliacha wazi kwa muda mfupi. Ndege akishambulia wakati huo, huelekea kulidonoa doa badala ya kichwa, na kipepeo huponyoka akiwa amepoteza kipande cha ubawa tu. Akiona pametulia, huushusha ubawa wa mbele nyuma ya ule wa nyuma. Doa hutoweka, na mdudu mzima hufanana na jani kavu.

Kwa kuwa hafumbui mbawa, huota jua kwa njia yake mwenyewe: huinamisha mwili upande mmoja mpaka mbawa zilizofumbwa zielekee jua sawasawa. Akipata joto la kutosha, hujisimamisha wima ili miale impate kidogo. Hapa twaona somo la fizikia: kiasi cha nishati ipokewayo na bapa hutegemea pembe ambayo miale hulipiga.

Maisha yake

Jike hutaga yai moja moja juu ya majani membamba. Yai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na kiwavi wa kijani kibichi mwenye mistari hula majani hayo, kisha huvumilia baridi yote ya miezi ya Desemba hadi Februari akiwa bado kiwavi. Masika ya huko yakianza, huendelea kula, hugeuka pupa anayening'inia kwenye bua, na hatimaye hutoka kipepeo. Vipepeo huonekana tangu Mei hadi Septemba. Kusini mwa Uingereza huwa vizazi viwili kwa mwaka, na kaskazini kimoja.

Madume hupenda kukusanyika karibu na kichaka au mti ulio peke yake, na kila mmoja hulinda eneo dogo dhidi ya wenzake. Mtafiti wa Sweden, Per-Olof Wickman, alionyesha mwaka 1985 kwamba madume wenye maeneo hayo hupata majike zaidi kuliko wale wanaotangatanga. Kwa hiyo mbuga inayomfaa kipepeo huyu lazima iwe na majani mafupi ya kulishia viwavi, pamoja na alama kama vichaka vya kukutania.

Kwa nini anapungua

Sababu ya kwanza ni kupotea kwa mbuga zenyewe. Katika nchi tambarare za England na Wales, asilimia 97 hivi ya mbuga za asili zilizokuwapo miaka ya 1930 zilikuwa zimetoweka kufikia mwaka 1984. Nyingine zililimwa, nyingine zikapandwa majani ya mifugo na kutiwa mbolea za viwandani, nyingine zikajengwa. Mahali pengine malisho yaliachwa bila mifugo, na majani marefu na vichaka vikafunika ardhi yote.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Kiwavi hatengenezi joto la mwili wake. Hutegemea joto la mahali alipo. Majani yakiwa mafupi na machache, jua hufika chini na udongo hupata joto. Yakiwa marefu na mengi, chini huwa na kivuli na unyevu. Sasa, hewa ya Ulaya hubeba naitrojeni itokayo katika moshi wa magari na samadi ya mifugo wengi, na naitrojeni hiyo huanguka juu ya mbuga kama mbolea isiyoombwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uholanzi, Michiel WallisDeVries na Chris van Swaay, walitoa hoja ya ajabu: kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kwaweza kuwaletea viwavi baridi. Joto pamoja na naitrojeni huyafanya majani yachipue mapema na kwa wingi, nayo huitia ardhi kivuli wakati ule ule viwavi waliopita kipindi cha baridi wanapohitaji jua. Walio katika hatari zaidi ni spishi zinazopita kipindi hicho zikiwa viwavi, kama huyu wetu.

Twajuaje kwamba anapungua?

Jibu ni kwamba alihesabiwa. Katika miaka ya 1970, Ernest Pollard na wenzake katika kituo cha utafiti cha Monks Wood, England, walibuni njia rahisi, na mwaka 1976 mpango wa taifa ukaanza. Mhesabu huchagua njia maalumu na kuipita mara moja kwa wiki, kuanzia Aprili hadi Septemba. Huhesabu vipepeo walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yake. Hufanya hivyo kati ya saa nne na dakika 45 asubuhi na saa tisa na dakika 45 alasiri, wala hahesabu hewa ikiwa chini ya nyuzi 13 za sentigredi. Masharti hayabadiliki, na kwa hiyo hesabu za mwaka huu zaweza kulinganishwa na za miaka iliyopita.

Kati ya 1976 na 2014 wingi wa kipepeo mdogo wa mbuga ulipungua kwa asilimia 54. Tuipige hesabu hiyo. Ukianza na vipepeo 100 na kupunguza asilimia 2 kila mwaka, baada ya miaka 38 utabaki na 46. Yaani upungufu mkubwa namna hii ulihitaji kupotea kwa vipepeo wawili tu katika kila 100 kwa mwaka. Ni nani angeona kwa macho tofauti kati ya 100 na 98? Katika orodha ya mwaka 2010 ya vipepeo walio hatarini Uingereza, aliwekwa katika daraja la waliokaribia kutishiwa. Katika orodha ya 2022 alipandishwa hadi daraja la wanaotishiwa.

Namna ya kumpiga picha

Picha ni ushahidi, nayo pia hufundisha macho. Kanuni zifuatazo zawafaa vipepeo wote wadogo wa majanini.

1. Nenda asubuhi mapema au jua linapoelekea kutua. Mdudu aliyepoa haruki haraka.

2. Sogea polepole, ukiwa umeinama au umelala kifudifudi. Angalia kivuli chako kisimwangukie, maana kivuli humshtua kuliko umbo lako.

3. Weka uso wa lenzi sambamba na mbawa zilizofumbwa. Sababu yake ni hii: ukipiga picha ambayo sura ya mdudu ndani ya kamera ya milimita 36 kwa 24 ni nusu ya ukubwa wake halisi, na tundu la lenzi likiwa f/8, eneo linaloonekana wazi lina kina cha milimita 3 hivi tu. Lenzi ikipinda kidogo, jicho litaonekana na ncha ya ubawa itafifia. Ukipunguza tundu hadi f/16, kina hicho huongezeka maradufu, lakini mwanga hupungua mara nne.

4. Lenga jicho. Picha yenye jicho lililofifia haina uhai.

5. Usimkamate, usimpoze kwa barafu, wala usikanyage majani yaliyo karibu, kwani humo mna mayai na viwavi.

6. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na mmea aliotua. Picha isiyo na maelezo hayo ni pambo. Iliyo nayo ni kumbukumbu ya sayansi.

Simu yenye kamera nzuri yatosha kwa kazi hii, mradi kanuni zifuatwe.

Mafunzo kwa shule zetu

Kipepeo huyu hayupo Afrika Mashariki, lakini ndugu zake wapo. Vipepeo wa jenasi ya Ypthima, wadogo, wa kahawia, wenye madoa ya macho na viwavi walao majani, huruka katika mbuga zetu, nao hupuuzwa vile vile. Shule yenye kiwanja chenye majani yasiyofyekwa yote yaweza kuweka njia ya mita 200, ikaipita kila wiki kwa masharti yasiyobadilika, na kuhifadhi daftari lake. Mwaka wa kwanza daftari hilo litaonekana halina maana. Mwaka wa kumi litakuwa hazina ambayo hakuna fedha inayoweza kuinunua, kwa sababu wakati uliopita hauhesabiki tena.

Maswali

1. Eleza kwa mchoro kwa nini kipepeo anayeinamisha mbawa kuelekea jua hupata joto zaidi.

2. Spishi fulani hupungua kwa asilimia 3 kila mwaka. Itabaki asilimia ngapi baada ya miaka 20?

3. Kwa nini mhesabu hatakiwi kubadili njia, saa wala upana wa eneo?

4. Pima joto la udongo saa sita mchana mahali penye majani mafupi na mahali penye majani marefu. Jadili tofauti hiyo na maana yake kwa kiwavi.